Riziki ya Usiku katika Mialo ya Musoma

Mji wa Musoma umekaa juu ya rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Viktoria, na wenyeji husema kwamba hata jina lake, katika lugha za ufuo huo, lina maana ya nchi iliyotangulia majini. Mtu akaaye Kitaji, au Mwigobero karibu na gati, au Makoko, huishi kwa kalenda mbili: moja ni ile iliyotundikwa ukutani, na ya pili ni mwezi wa mbinguni, ambao ndio unaojaza chungu na kukipunguza. Dagaa huvuliwa kwa taa. Usiku usio na mwezi mitumbwi hutoka na karabai zake, ambazo miaka hii zimezipisha taa za betri na za nguvu ya jua, dagaa wakakusanyika chini ya mwanga, na wavu ukawainua. Lakini mwezi ukipevuka nuru huenea juu ya ziwa zima, taa ya mwanadamu ikakosa fadhila mbele ya taa ya Mungu, na mvuvi hana budi kulala nchi kavu. Basi siku za kazi huitwa giza, na neno hilo, ambalo kwingineko huandamana na hofu na msiba, katika mialo ya mkoa wa Mara, yaani pale mitumbwi inapoegeshwa na samaki kushushwa, ni neno la neema.

Nyuma ya mvuvi hufuata halaiki nyingine iishiyo kwa kalenda iyo hiyo, ingawa haishiki kasia wala wavu: baamedi, mwenye gesti ya vyumba sita, mpishi wa supu ya alfajiri, mpiga gitaa wa kukodiwa, kijana wa bodaboda amngojaye mlevi nje ya mlango, mwanamke akaangaye mapanki, yale mabaki ya sangara, kando ya barabara. Giza likitoka vizuri, mbalamwezi huwa sherehe, maana wavuvi wako nchi kavu na fedha wanazo. Giza likiwa baya, mbalamwezi huwa ndefu kuliko hesabu ya mnajimu yeyote. Nimesoma mengi juu ya mkoa huu, juu ya ng'ombe wake, pamba yake, dhahabu yake, samaki wake na wanyama wa Serengeti, na mengi zaidi, kama ilivyo haki, juu ya mwana wa Butiama aliyeiongoza nchi. Watu wa usiku sikuwaona ila katika mashauri ya polisi na katika takwimu za maradhi. Kwa sababu hiyo nataka kuzisimulia zile nyakati riziki yao ilipokatika, kwani mtu ambaye kazi yake haiandikwi popote huonekana vema pale tu kazi hiyo inapokoma.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba watu hawa aghalabu ni wageni. Baamedi wa Musoma au wa Bunda huenda ametoka Singida, Tabora au Kagera, ilhali binti wa nyumbani apendaye kazi hiyo huenda kuifanya Mwanza, Arusha au ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Mwenye baa humpenda mgeni kwa kuwa hana mjomba mtaani wa kuja kumdai mshahara wake au kumwondoa kazini kwa fimbo. Naye mgeni hupenda umbali kwa kuwa haya ya kazi hiyo, ambayo si ndogo, huishia njiani, na kinachofika nyumbani ni fedha tu. Mshahara wenyewe ni mdogo, na pengine hukatwa kwa bilauri iliyovunjika au kwa mteja aliyetoroka bila kulipa. Uzito wa riziki umo katika bakshishi, katika kamisheni ya chupa alizouza, na katika kitanda apewacho chumba cha nyuma. Mvuvi naye hana mshahara kabisa. Tajiri mwenye mtumbwi hutoa kwanza gharama za mafuta, chakula na matengenezo, kisha kilichobaki hugawanywa, na usiku ambao gharama zimekula samaki wote, mgao wa kibarua ni usingizi. Hapana mkataba, hapana kiinua mgongo. Pana ahadi tu ya giza lijalo.

Desturi hii ya kuwauzia wageni usiku haikuanza na samaki. Bei ya dhahabu ilipopanda duniani katika miaka ya 1930, baada ya Uingereza kuiondoa sarafu yake katika kipimo cha dhahabu mwaka 1931 na Marekani kuipandisha bei yake mwaka 1934, machimbo ya Kanda ya Ziwa yalichangamka, Geita upande ule wa ghuba, na upande huu Kiabakari na Buhemba, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Butiama. Penye wanaume mia walioacha wake zao mbali hapakosi mwanamke ajuaye kuchachusha mtama, na vilabu vya pombe vikasimama karibu na mashimo, vingine kwa leseni ya serikali ya kikoloni na vingine kwa leseni ya giza. Kiabakari ilifungwa mwaka 1966, na Buhemba mwaka 1970. Mchimbaji alikuwa na jina lake katika daftari la mshahara, hivyo aliweza walau kuambiwa kwamba kazi imekwisha. Mpika pombe, ambaye mtaji wake ulikuwa madeni ya mchimbaji yuyo huyo, hakuambiwa na mtu. Aliona tu kwamba Jumamosi imefika na uwanja ni mtupu.

Kulikuwako pia usiku wa heshima zaidi, usiku wa meli na dansi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo vyombo vya moshi viliifunga Musoma katika duara la bandari za ziwa, Kisumu, Mwanza, Bukoba na zile za Uganda, hata ikawa rahisi zaidi kwa kijana wa Mara kuiona Nairobi kuliko kuiona Dar es Salaam. Wengi walikwenda huko kutafuta, katika mashamba ya chai ya Kericho, katika majumba ya watu, katika majeshi. Meli ya Victoria, iliyoanza safari zake mwaka 1961, iliteremsha abiria, na abiria wanataka chakula, malazi na muziki. Musoma ilikuwa na bendi yake, Mara Jazz, ambayo mtindo wake wa Sensera ulisikika mbali na ziwa, wakati ambapo Wilson na George Kinyonga, wana wa Tanga, walikuwa wamekwisha kuivuka mipaka na kuasisi Simba Wanyika katika Nairobi mwaka 1971. Mpiga muziki wa zama hizo alikuwa mhamiaji kama mvuvi: popote penye wenye mishahara, hapo ndipo kambi yake.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikikata roho katika ugomvi wa ndege, reli na meli, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Wanahistoria wameeleza vizuri hasara za mashirika na mgawanyo wa mali. Mimi nautazama ufuo. Musoma, ambayo ilikuwa mji wa katikati ya njia, iligeuka ghafla kuwa mji wa mwisho wa njia. Gari la mizigo lililokuwa likilala hapa ili lifike Sirari asubuhi halikuwa tena na sababu ya kulala. Meli ya Kisumu haikuja. Waliokuwa wakifanya kazi ng'ambo wakawa na uchungu wa kuchagua baina ya kazi na mazishi ya wazazi, kwa kuwa kurudi nyumbani kwa njia ya halali ilikuwa ni kuiaga kazi. Njia za panya zikaamka badala ya barabara, sabuni na nguo zikaingia kwa magendo, ng'ombe na kahawa zikatoka, na usiku wa mpakani ukapata watu wa namna nyingine, wenye fedha nyingi na maneno machache, ambao humlipa mwanamke vizuri ili asikumbuke walikuja na nani.

Ukata wa miaka hiyo ya mpaka kufungwa ulizaa mwaka 1983, mwaka mzito kwa watu wa usiku. Machi ya mwaka huo ulianza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na kabla mwaka haujakwisha Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwapanga watu kazini, ambayo raia waliijua kwa jina la Nguvu Kazi. Kusudi lake, kwamba kila mtu mwenye afya afanye kazi, ni kusudi ambalo hakuna mzee wa Kizanaki angelipinga. Wazazi wetu walimdharau mvivu kabla serikali haijazaliwa. Taabu ilikuwa katika kufasiri kazi ni nini. Mwenye kitambulisho cha ofisi au kiwanda alikuwa mfanyakazi. Mama lishe, mchuuzi wa karanga na baamedi ambaye mwajiri wake hakumwandika popote walikuwa wazururaji, na katika miji mikubwa mwanamke asiyeweza kuonyesha cheti cha ndoa wala karatasi ya ajira aliweza kupakiwa katika lori na kupelekwa kulima. Mtu aliyetoka kuhudumia meza hadi saa nane za usiku aliulizwa asubuhi kwa nini hafanyi kazi. Naona insafu ilipungua hapo, hata kama nia ilikuwa njema.

Mwaka huo huo wa 1983, katika hospitali ya Ndolage mkoani Kagera, walitambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza nchini wa maradhi ambayo baadaye tuliyaita UKIMWI. Watu wa upande ule wa ziwa waliyapa kwanza jina la Juliana, ambalo lilikuwa jina la nguo za magendo zilizopendwa sana wakati huo, na sidhani kama mtaalamu yeyote angalitunga jina la kweli kuliko hilo, kwa maana maradhi yalipita njia zile zile zilizopitwa na bidhaa: mpakani, bandarini, kambini, gestini. Katika mialo ya Mara yaliingia kama yalivyoingia kwingineko, na baamedi akawa mtu wa kwanza kutafutwa na wapimaji, wahojaji na waelimishaji. Alihesabiwa, kwa mara ya kwanza katika historia yake, na alihesabiwa kama kundi la hatari. Mteja wake, ambaye alikuwa na mke nyumbani na mtumbwi ziwani, hakupewa jina la kundi.

Sasa nije kwa sangara, kwa kuwa ndiye aliyeujenga usiku wa Musoma wa zama zetu. Samaki huyu alitiwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, akakaa kimya kama mgeni mwenye adabu, kisha katika miaka ya 1980 akajaa ziwa zima na kuwamaliza furu wasio na idadi. Wazee walimchukia kwanza kwa mafuta yake. Ulaya ilimpenda kwa minofu yake, na katika miaka ya 1990 viwanda vya kuchakata minofu viliota Mwanza na Musoma, vikichukua vijana ambao kiwanda cha nguo cha MUTEX, mali ya umma iliyodhoofika na kusimama, hakikuweza tena kuwalisha. Minofu ilipanda ndege. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, vilibaki kwa wanawake wa kikaango. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtu wa Austria, aliitoa filamu yake ya Darwin's Nightmare juu ya biashara hii mjini Mwanza, nayo ikamkasirisha Rais Kikwete hadharani mwaka 2006. Wenye kukasirika walikuwa na hoja zao, lakini mapanki hayakuwa uzushi wa mpiga picha.

Aliyetaka kuujua mzunguko wa fedha katika kambi za uvuvi alipaswa kulitazama gari la barafu. Gari hilo lilikuja kutoka kiwandani likiwa na barafu, likarudi na sangara, na kati ya kuja na kurudi liliacha noti. Noti zilitoka kwa wakala kwenda kwa tajiri, kwa tajiri kwenda kwa kibarua, kwa kibarua kwenda mezani, na mezani kwa baamedi, ambaye asubuhi alizituma kwa mama yake Singida au Tabora ndani ya bahasha ya dereva wa basi. Mnyororo huo wote ulikuwa umefungwa kwenye kulabu moja huko Ulaya, na watu wa kambini hawakuiona kulabu hiyo mpaka siku ilipong'oka.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilileta mafuriko, na mafuriko yakaleta kipindupindu. Januari 1998 Jumuiya ya Ulaya ilikataza samaki wabichi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, ingawa Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya kuambukizwa kwa njia hiyo ilikuwa ndogo, na katazo likadumu hadi mwisho wa Juni. Kabla watu hawajalipa madeni ya mwaka huo, mwaka 1999 likaja katazo jingine, safari hii kwa sababu ya sumu ambayo baadhi ya wavuvi waliimwaga majini ili kuua samaki kwa wepesi, kosa ambalo hatuwezi kumtwika mzungu. Gari la barafu likaacha kuja. Bei ya sangara ikaanguka mwaloni, hata nyumba zilizokuwa hazigusi ila mapanki zikala mnofu, ukawa msimu wa ajabu ambao mtu hushiba samaki na kukosa fedha ya chumvi. Vibarua wa viwandani, walioitwa kwa siku na kulipwa kwa siku, hawakuachishwa kazi, kwa kuwa hawakuwa wameajiriwa. Walifika langoni asubuhi na kuambiwa leo hapana. Na baa zilizokuwa zikipiga muziki hadi alfajiri zilipunguza sauti, kisha taa, kisha watu.

Nimeyatanguliza haya yote kwa ajili ya mwaka 2020, kwa kuwa aliyeusikia mwaka huo ukisimuliwa kama msiba usio na mfano asingeweza kuelewa kwa nini wanawake wa makamo wa Mwigobero waliupokea kwa uso mkavu namna ile. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, mkoani Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko, michezo na matamasha ya muziki yakiwamo. Tarehe 12 Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa. Lakini Tanzania, tofauti na baadhi ya jirani zake, haikuwafungia watu ndani. Masoko yaliendelea, mabasi yaliendelea, nyumba za ibada ziliendelea, na hapakuwa na amri ya nchi nzima ya kuzifunga baa.

Kwingineko amri ilikuwapo. Kenya ilizifunga baa mwezi huo wa Machi, na kuanzia tarehe 27 ikakataza watu kutoka nje usiku. Thailand, ambayo usiku wa Bangkok, Pattaya na Phuket ni bidhaa iuzwayo kwa dunia nzima kama sisi tuuzavyo Serengeti, iliyafunga majumba ya starehe, na wafanyakazi wa Myanmar, Laos na Cambodia wakaelekea mipakani kwa makundi. Raia wasio na ajira rasmi walipewa baht 5,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, na wahamiaji hawakuhesabiwa katika fadhila hiyo. Desemba 2020 maradhi yalipozuka upya huko, yalizuka katika soko la kamba la Samut Sakhon, mahali ambapo wabebaji na wachambuzi wa kamba ni watu wa Myanmar, na mabweni yao yakazungushiwa waya wa miiba. Nilipoyasoma hayo sikuweza kuacha kuwaza mwalo: samaki, mgeni, kitanda cha kukodi, na mtu wa afya amesimama langoni.

Lakini pana tofauti moja kubwa, nayo ndiyo inayonifanya niandike. Mhudumu wa Pattaya au wa Nairobi aliweza kuitaja siku aliyonyang'anywa riziki, na kumtaja aliyeinyang'anya, na kwa hiyo aliweza kudai, hata kama hakupewa. Baamedi wa Musoma hakufungiwa mlango na mtu. Mlango ulikuwa wazi, viti vimepangwa, ndoo ya kunawia imewekwa pale mbele na sabuni yake, redio inaimba, na mteja haji. Dhiki isiyo na amri haina tarehe, na dhiki isiyo na tarehe haina mahali pa kupelekwa. Mwenye baa hakusema amemfukuza; alisema biashara ni ngumu, avumilie. Hata ofisa ambaye angalitaka kuwasaidia watu walioumizwa na makatazo angalitazama karatasi zake na kukuta kwamba hapa hapakukatazwa kitu.

Wateja walikuwa wameishia wapi? Wengine walikuwa upande wa samaki. Minofu mibichi husafiri katika matumbo ya ndege, mahoteli ya Ulaya yalikuwa yamefungwa, na ile kulabu ya mwaka 1998 ikang'oka tena bila ya mtu kumtuhumu samaki kwa lolote. Wengine walikuwa upande wa barabara. Tarehe 16 Mei Kenya iliufunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, ikaacha mizigo tu, na madereva wakatakiwa kupimwa kwanza. Dereva angojaye cheti huhesabu senti zake, wala si mteja wa kutamanika. Na wengine walikuwa upande wa Bunda, ambako lango la Ndabaka linaufungua ukanda wa magharibi wa Serengeti kandokando ya barabara kuu ya Mwanza. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867, na si wachache kati ya hao walikwisha kuja kabla ya Machi. Mpishi wa kambi, mfua mashuka, dereva na mpiga ngoma wa jioni walirudi Bunda mjini na vifurushi vyao. Nyumbu walishuka Grumeti kama ilivyo ada yao ya katikati ya mwaka, mamba wakawala waliowala, na karibu hapakuwa na mtu wa kupiga picha.

Wenyeji wa mkoa walikuwa na kimbilio. Kijana wa Kijita, wa Kikwaya au wa Kiikizu aliyekosa kibarua aliweza kurudi kwa baba yake, akashika jembe, akala ugali wa muhogo, na muhogo, ambao haumngoji mtalii wala ndege, umewahifadhi watu wa nchi hii katika njaa nyingi kuliko wizara yoyote. Mgeni hakuwa na kimbilio hilo. Methali yatuamuru tumpe mgeni jembe siku ya tatu, lakini haisemi alime ardhi ya nani. Alichokuwa nacho ni upatu, ambao wao huuita mchezo, na mchezo ni mkopo usio na rehani ila sura ya mtu: kila mmoja hutoa chake, mmoja hupokea, na wote hurejea wiki ijayo. Wawili wakipanda basi kwenda kwao, mchezo umekufa, na aliyekuwa hajapokea zamu yake amekula hasara ya wote. Baada ya mchezo lilifuata daftari la duka, na baada ya daftari ikafuata mikopo ya kausha damu, ambayo hudaiwa kila siku jioni na haijui giza wala mbalamwezi. Wengine waligeuka wachuuzi wa barakoa za kitambaa. Wengine waliuza simu. Na katika simu za waliobaki kilionekana kioja ambacho nakiandika kwa sababu sikukiona katika taarifa yoyote: fedha ambazo kwa miaka zilitoka ziwani kwenda Singida, mwaka huo zilitoka Singida kuja ziwani, shilingi elfu tano, elfu tatu, kutoka kwa mama aliyeuza kuku ili binti yake apate nauli au, zaidi, ili asione haya ya kurudi mikono mitupu.

Ziwa lenyewe halikuwa na huruma. Mvua zilikuwa nyingi tangu mwishoni mwa mwaka 2019, na Mei 2020 maji yalipanda yakavuka kidogo kile kipimo cha mwaka 1964 ambacho wazee walikitaja sikuzote pamoja na zile mvua kubwa za miaka ya Uhuru. Ufuo uliingia ndani. Palipokuwa pa kuanikia dagaa pakawa pa kuogelea bata, na vibanda vilivyojengwa karibu na mwalo ili mvuvi asichoke kutembea vikaingiwa na maji hadi kwenye miguu ya viti. Watu wakalibeba jokofu, redio, makreti matupu na benchi, wakavipandisha juu mlimani hatua sitini au sabini, wakatandaza turubai, wakaweka taa.

Mwezi uliandama, Idi ikasaliwa Jumapili ya tarehe 24 Mei, na giza likawa limeingia. Samaki wa ndege alikuwa hana soko, lakini dagaa hapandi ndege. Huliwa nyumbani, hupanda malori, hukaushwa juani na kuliwa mbali na ziwa. Mitumbwi ikatoka jioni hiyo. Pale juu, chini ya turubai, waliobaki walikaa upande unaotazama maji, kama walivyozoea kufanya kila giza ili wajue kesho waagize makreti mangapi, wakaanza kuhesabu taa.